Rowan Atkinson na Mr. Bean wake: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa Mr. Bean. Shangazi akipata kipande cha video yake kwenye WhatsApp, ananirushia mimi kwanza. Mtoto wa jirani akisikia kwamba yule bwana kafa, anakuja kubisha hodi kwangu kuuliza kama ni kweli. Kwa miaka mingi nimeyajibu maswali yaleyale kwa mdomo, kwenye daladala, harusini, hata msibani usiku watu wakiwa wamekesha. Safari hii nimeyaandika yote. Naandika kama shabiki ninayempenda mtu huyu kwa dhati, na kinachonisukuma ni kwamba wengi wetu tunaijua sura yake vizuri sana ila kazi yake tunaijua kidogo mno.

Jina lake halisi nani?

Rowan Sebastian Atkinson. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, mji wa viwanda vya chuma katika County Durham, kaskazini-mashariki mwa England. Baba yake alikuwa mkulima, naye ndiye kitinda mimba wa familia. Huku kwetu ni Mista Bini tu, basi. Nimekutana na watu wazima walioshtuka kusikia kwamba Bini ni jina la kuigiza.

Je, amefariki?

Hapana. Uvumi wa kifo chake umezuka mtandaoni mara nyingi, na kila unapozuka huja na maneno yaleyale: ajali ya gari, au amejiua, halafu kiungo cha video. Usikibonyeze. Viungo vya namna hiyo vimetumika kuwaingizia watu virusi kwenye kompyuta zao. Na tafadhali usiusambaze ujumbe wenyewe kwenye kundi la familia.

Nasikia alisomea uhandisi. Ni kweli?

Ni kweli kabisa, tena alisoma sana. Shahada ya kwanza aliichukua Chuo Kikuu cha Newcastle, uhandisi wa umeme na elektroniki. Mwaka 1975 akaingia The Queen's College, Oxford, kwa shahada ya uzamili, na utafiti wake ulihusu mifumo ya udhibiti inayojirekebisha yenyewe, yaani mtambo unaojipima na kujinyoosha ukiwa kazini. Hapo Oxford ndipo alipokutana na Richard Curtis, aliyekuja kuwa mwandishi mwenzake, na Howard Goodall, mtunzi wa muziki. Wakaanza kuigiza pamoja, wakapanda jukwaani kwenye tamasha la Edinburgh mwaka 1976, na uhandisi ukampoteza mtu wake.

Nalivuta jambo hili kwa sababu mimi huuona uhandisi ule ndani ya kila kituko chake. Chukua kipindi cha mwaka 1994 anapopaka rangi nyumba. Amenunua vitu vya bei nafuu dukani mpaka gari limejaa, hana pa kukaa. Anafanyaje? Anapandisha kochi juu ya paa la gari, anakaa humo kama mfalme, anafunga kamba za kugeuzia usukani na kuchukua mti wa ufagio wa kukanyagia pedali, na anaendesha barabarani. Kisha nyumbani. Brashi haitoshi, kwa hiyo anaamua kutia baruti katikati ya kopo la rangi ili chumba kipakwe kwa mara moja. Kabla ya kuiwasha anafunika kila kitu kwa magazeti. Na ninaposema kila kitu ni kila kitu: kwenye sahani kuna zabibu, naye anaifunga zabibu moja moja, kwa kipande chake cha gazeti, bila haraka.

Ile zabibu ndiyo Atkinson. Mchekeshaji mwingine angekimbilia mlipuko. Yeye anakukalisha kwenye zabibu mpaka uamini kwamba mtu huyu amefikiria yote, na hapo ndipo balaa linapokuwa tamu. (Mlipuko unatokea, ila kuna mgeni aliyerudi kuchukua kofia yake dakika ileile. Umbo la mtu huyo linabaki ukutani, halijapakwa, rangi ikiwa imempaka yeye.)

Ni kweli ana kigugumizi?

Ndiyo, na hajawahi kuficha. Herufi B ndiyo iliyomsumbua zaidi. Amewahi kueleza kwamba akiingia ndani ya mhusika, akawa mtu mwingine, kigugumizi humwachia.

Swali hili ndilo linalonigusa kuliko yote, maana mimi nimekua na kigugumizi. Kwangu ilikuwa K. Darasani mwalimu akianza kusomesha kwa zamu, nilikuwa nahesabu vichwa na aya ili nijue aya yangu ni ipi, halafu naitazama kama ina K mwanzoni. Nikiiona, jasho. Kwa hiyo nilipogundua, nikiwa mkubwa tayari, kwamba mtu niliyemcheka tangu utotoni anaijua hofu ile, nilirudi kumtazama upya, safari hii nikimtazama mdomo.

Tazama mfululizo wa *Blackadder II* wa mwaka 1986, vichekesho vya BBC anamoigiza Edmund Blackadder, kipindi cha kwanza, ambamo msichana amejivika nguo za kiume na kujiita Bob. Sikiliza Atkinson anavyolitamka jina hilo. Midomo inafumba, inaishikilia ile B, inajaa pumzi, halafu inaiachia mara moja kama kizibo cha chupa. Watu huvunjika mbavu kwa neno la herufi tatu lisilo na kichekesho chochote ndani yake. Kuitamka herufi kwa kuikaza kupita kiasi ni njia anayoitumia kuvuka pale ambapo ulimi ungekwama. Akaigeuza kuwa mtindo wake, na watu wengi wakadhani ni madaha tu.

Basi ndiyo maana Mr. Bean hasemi?

Wengi hufikia uamuzi huo, lakini mimi siukubali. Mtu aliyecheza Edmund Blackadder, mwenye ulimi kama wembe mpya, hakukimbilia kimya kwa kukosa maneno. Kimya cha Bean alikichagua. Na Bean si bubu: anaguna, ananong'ona, anataja jina lake kwa ile sauti nzito ya kooni. Atkinson amemweleza kama mtoto aliye ndani ya mwili wa mtu mzima. Ukimtazama kwa jicho hilo kila kitu kinakaa sawa, ikiwemo uchoyo wake, hila zake, na ile furaha anayopata akimshinda mtu kwenye jambo lisilo na maana yoyote.

Mr. Bean alizaliwaje?

Mbegu ilipandwa Oxford, alipokuwa akijaribu mbele ya kioo kuona uso unaweza kufanya nini bila maneno. Mwigizaji Mfaransa Jacques Tati na mhusika wake Monsieur Hulot walimwathiri sana, naye hulitaja hilo waziwazi. Lakini kuna kisa kimoja ninachokipenda. Mwaka 1987 alikwenda kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, ambako kuna maonyesho ya Kiingereza na ya Kifaransa. Aliomba apangwe upande wa Kifaransa. Waandaaji walishangaa, kwa kuwa hakuwa na kichekesho hata kimoja cha Kifaransa. Ndilo alilolitaka: kupima kama mhusika huyu atawachekesha watu asioongea lugha yao. Wakacheka.

Jina lilikuja baadaye. Walifikiria mboga mbalimbali, akiwemo Bwana Koliflawa, kabla ya kutulia kwenye haragwe.

Kipindi cha kwanza kilionyeshwa na ITV, kituo cha runinga cha Uingereza, siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1990, na mwaka huohuo kikashinda tuzo ya Waridi la Dhahabu kule Montreux, Uswisi.

Kwa nini Afrika Mashariki tulimpenda kiasi hiki?

Waliokulia kwenye mabanda ya video watanielewa haraka. Filamu ya Kihindi au ya Kichina ilihitaji mtafsiri, yule jamaa wa kipaza sauti anayekueleza nani kamsaliti nani, na mara nyingi anakutungia na ya kwake. Kanda ya Mr. Bean ikiingia, mtafsiri alikuwa anaweka kipaza sauti chini na kukaa kwenye benchi na sisi. Hana cha kutafsiri. Palikuwa na watoto, makuli, mama wauza vitumbua waliopita kutafuta watoto wao wakajikuta wamesimama mlangoni, na wote tulicheka sekunde ileile.

Bibi yangu hakujua neno la Kiingereza. Alikuwa akimtazama huku ameuma upindo wa kanga, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. "Huyu mtoto wa watu ana matatizo," ndivyo alivyokuwa akisema, kwa huruma ya kweli. Alikuwa ameelewa kila kitu.

Mbona vipindi vyenyewe ni vichache?

Vimetengenezwa 15 tu, kati ya 1990 na 1995. Watu hubishana nami hapa, kwa sababu kila mtu anahisi ameona mia. Sababu ni kwamba tumevirudia sana, halafu kuna katuni (zilianza mwaka 2002, sauti ya Bean ikiwa yake mwenyewe) na filamu mbili: *Bean* ya 1997, ambamo anatumwa Los Angeles akidhaniwa ni mtaalamu wa sanaa na kuharibu mchoro maarufu ambao mchoraji Whistler alimchora mama yake, na *Mr. Bean's Holiday* ya 2007, safari ya kwenda Cannes. Filamu ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Kwangu mimi ya pili ndiyo bora, kwa kuwa imemrudisha kwenye kimya chake. Ile ya kwanza inamsemesha mno.

Nikupe kipimo cha alivyopendwa kwao: kipindi kimoja cha mwaka 1992 kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 18 nchini Uingereza.

Wimbo wa kwaya wa mwanzoni unasemaje? Na kwa nini anadondoka kutoka juu?

Ni Kilatini. *Ecce homo qui est faba*, yaani "Tazameni mtu ambaye ni haragwe". Umetungwa na Howard Goodall, yule rafiki wa Oxford, na unaimbwa na kwaya ya Kanisa Kuu la Southwark, London, kwa heshima zote kana kwamba ni ibada ya Pasaka. Bean anadondoka kwenye lami ndani ya mwale wa mwanga. Wengine husema ni kiumbe kutoka sayari nyingine. Mimi nauona ni utambulisho tu: mtu huyu ameangushwa duniani bila kufundishwa mambo yanavyokwenda.

Lile gari ni gari gani?

Ni Mini. Kwenye kipindi cha kwanza ilikuwa ya rangi ya chungwa, na kuanzia hapo ikawa ile tunayoijua, ya kijani cha ndimu yenye boneti nyeusi, namba SLF 991R. Mlangoni amefunga komeo na kufuli kama la kibanda cha duka, na akiegesha huchomoa usukani akaondoka nao. Nimewahi kumwona fundi mmoja mtaani kwetu amefunga kufuli la hivyo kwenye gari lake, na alikuwa na sababu nzuri.

Kuna kipindi cha mwaka 1994 ambacho kifaru cha jeshi kinaikanyaga Mini yake na kuilaza kama chapati. Bean anafika, anapekua mabaki, na anachookoa ni lile kufuli. Sura anayoitoa pale haina kichekesho kabisa. Amefiwa. Ukimwonyesha mtu kipande hicho peke yake bila kumwambia kitu, ataona mwigizaji mkubwa wa tamthilia.

Na lile gari la bluu la magurudumu matatu analolipindua kila mara ni Reliant. Dereva wake hatumwoni kamwe.

Teddy na Irma je?

Teddy, yule dubu wa kufumwa, ndiye rafiki wa pekee wa Bean. Irma Gobb, mchumba wake, ameigizwa na Matilda Ziegler, na kipindi cha Krismasi cha 1992 ndimo anapoachana naye, baada ya kungoja pete na kupewa picha. Watu hukumbuka kipindi hicho kwa bata mzinga aliyekwama kichwani. Mimi humkumbuka Irma akitoka mlangoni.

Nimemaliza Mr. Bean. Nitazame nini kingine?

*Blackadder*, bila kujiuliza mara mbili, kama Kiingereza chako kinaruhusu. Kabla yake kulikuwa na *Not the Nine O'Clock News* ya BBC (1979 hadi 1982), iliyomtoa hadharani akiwa pamoja na Mel Smith, Griff Rhys Jones na Pamela Stephenson. Lakini *Blackadder* ndiyo kilele chake cha maneno. Ni mifululizo minne, kila mmoja vipindi sita, na kila mmoja uko katika zama tofauti za historia ya Uingereza. Wa kwanza, wa 1983, ulikuwa wa gharama kubwa na nusura BBC iufutilie mbali mradi mzima. Walirudi mwaka 1986 kwa bajeti ndogo, ndani ya studio, Ben Elton akishika kalamu pamoja na Curtis mahali pa Atkinson. Kubanwa kule kuliusaidia: palipokosekana farasi na makasri, maneno yalifanya kazi.

Wa nne, *Blackadder Goes Forth* wa 1989, uko kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Vipindi vitano na nusu unacheka. Kisha inafika dakika ya amri ya kuondoka kwenye handaki kwenda kwenye risasi. Vichekesho vinapungua kimoja kimoja mpaka vinakwisha. Baldrick, msaidizi wa Blackadder aliyechezwa na Tony Robinson, bado anao mpango wa ujanja kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza Blackadder anasema mpango huo utabidi usubiri. Anawatakia wenzake heri. Filimbi inalia. Wanapanda juu. Picha inakwenda polepole, inafifia, na uwanja wa mapambano unageuka shamba la maua mekundu. Waliopiga picha ile hawakuipenda ilivyotoka mwanzoni, mandhari yalionekana ya bandia, na ni katika kuihariri na kuipunguza kasi ndipo ikawa hiyo iliyowaliza Waingereza.

Nasi tuna sehemu yetu katika vita hivyo. Kila ninapopita Kariakoo, Dar es Salaam, nakumbuka kwamba jina lile limetokana na *Carrier Corps*, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza na kufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Mwisho wa *Blackadder* hauwataji, wala si hadithi yao. Ila nilipouona kwa mara ya kwanza ndio niliowafikiria, nikakaa gizani kwa muda kabla ya kuzima runinga.

Ni kweli yumo kwenye *The Lion King*?

Yumo. Katika katuni ya 1994 yeye ndiye sauti ya Zazu, yule hondohondo mshauri wa mfalme. Kwa hiyo mtu aliyetuchekesha bila maneno alikuwa pia ndege asiyefunga mdomo, kwenye filamu ambayo Simba, Rafiki na Pumbaa wote wana majina ya Kiswahili. Katika toleo la 2019 nafasi yake imechukuliwa na Mwingereza mwingine, John Oliver.

Kile kisa cha ndege Kenya ni cha kweli au ni hadithi?

Ni cha kweli. Machi 2001 alikuwa Kenya mapumzikoni na familia yake, wakisafiri kwa ndege ndogo ya kukodi. Rubani akazimia angani. Atkinson, ambaye si rubani, akashika usukani na kuiweka ndege sawa mpaka rubani alipozinduka na kuitua kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi. Ukimsimulia mtu anadhani unamsimulia kipindi cha Bean kilichopotea. Mimi nikikifikiria naona mambo mawili tu: watoto nyuma, na baba anayejitahidi asitetemeke mikono.

Na magari ya kifahari?

Anayapenda, na anayaelewa kifundi. Ana leseni ya kuendesha malori tangu mwaka 1981 na amewahi kuandika makala kwenye majarida ya magari. Gari lake maarufu ni McLaren F1, ambalo yalitengenezwa 106 tu. Alilinunua mwaka 1997, akapata nalo ajali mbaya mwaka 2011 katika Cambridgeshire, akaumia bega, na matengenezo yakaigharimu bima zaidi ya pauni 900,000. Hakuliweka makumbusho. Lilipotengenezwa aliendelea kuliendesha mpaka alipoliuza mwaka 2015.

Alifanya nini kwenye Olimpiki ya London?

Tarehe 27 Julai 2012, sherehe za ufunguzi. Orkestra ya London Symphony chini ya Simon Rattle inapiga muziki wa filamu ya *Chariots of Fire*. Atkinson amekaa kwenye kinanda, na kazi yake ni kubonyeza noti moja, ileile, kwa kidole kimoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anachoka nayo. Anaangalia saa. Anatoa simu. Chafya inamjia, leso iko mbali mgongoni, kwa hiyo anabonyeza noti kwa mwavuli huku mkono mwingine ukitafuta leso. Dunia nzima ilikuwa inatazama, lugha zote za dunia, na hakusema neno. Nilikumbuka Montreal.

Ni kweli aliingia kwenye siasa?

Si siasa za vyama. Mwaka 2005 alisimama hadharani kupinga muswada wa sheria kuhusu chuki za kidini, akihofia kwamba utaziba midomo ya wachekeshaji na wakosoaji. Mwaka 2012 akaunga mkono kampeni ya kuondoa neno "kutusi" kwenye kifungu cha 5 cha sheria ya utulivu wa umma ya 1986, na mwaka uliofuata Bunge likaliondoa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anaweza kutafsiri ukosoaji wowote kuwa ni tusi. Wapo wasiokubaliana naye, na wana hoja zao. Mimi husimama upande wake, na nadhani aliyehangaika utotoni kulitoa neno mdomoni analijua thamani yake.

Mwaka huohuo wa 2013 alipewa CBE, nishani ya heshima ya Uingereza.

Watoto watazame?

Mr. Bean, ndiyo, ukikaa nao. Kuna kipindi cha hotelini anachobaki bila nguo nje ya chumba, na wazazi wengine hawakipendi. *Johnny English* (2003, 2011 na 2018) inawafaa wale wa shule. *Blackadder* ngoja wakue.

Kuhusu ndoa na watoto wake?

Hapo siingii. Ni mtu mkimya na faragha yake anaithamini.

Mr. Bean atarudi?

Amewahi kusema kwamba mtu wa umri wake kuendelea kufanya utoto ule kunaanza kuhuzunisha, kisha akatokea tena hapa na pale kwa dakika chache. Kazi yake iliyo karibu zaidi na Bean ni *Man vs. Bee* ya Netflix, 2022, vipindi tisa vifupi vya mtu mmoja na nyuki mmoja. Ile nguvu ya mwili bado anayo.

Nina nusu saa tu usiku huu. Nitazame nini?

*The Curse of Mr. Bean* ya Desemba 1990, na ukifika kwenye benchi la bustani usiguse simu.

Mwanamume mmoja, ameigizwa na Angus Deayton, amekaa anakula mkate wake ulioandaliwa vizuri. Bean anakaa pembeni, na kutoka kwenye koti lake linatoka jiko zima. Mkate, anaukata kwa mkasi. Siagi, anaipaka kwa kadi ya benki. Majani ya saladi anayaosha kwenye bomba la bustani, anavua soksi, anayatia ndani na kuizungusha mpaka maji yamwagike. Samaki wako hai kwenye chupa. Anawapiga kwenye benchi, paa, paa. Pilipili manga anaifunga kwenye leso na kuiponda kwa kiatu. Chai iko kwenye mfuko wa mpira wa maji ya moto. Haya yote anayafanya kwa utulivu wa fundi saa, na yule jirani ameacha kutafuna, anatazama tu, kama tulivyokuwa tunatazama sisi kwenye benchi letu la banda.

Sasa kila kitu kiko tayari. Mkate mkono mmoja, chai mkono mwingine. Anafungua kinywa. Chafya. Vyote vinaruka.

Jirani anamwangalia kidogo, anauangalia mkate wake uliobaki, anamnyooshea Bean kipande.